Nyuzi Tisa za Bwana Mkemia

Miaka michache kabla ya vita vya Mjarumani, serikali iligundua kwamba Unguja, inayowauzia walimwengu karafuu, haina mzaliwa wake hata mmoja awezaye kusema kwa hakika kama mafuta ya karafuu ni safi au yametiwa kitu. Likafunguliwa darasa. Tulianza wanafunzi watano. Mmoja aliacha kwa sababu ya harufu, mwengine alipata kazi ya ukarani, na wa tatu alioa akasema mkewe hataki mume anayenuka dawa. Tukabaki wawili. Mimi nilikuwa kijana wa mjini, wa ukoo wa Kiarabu uliokuwa umebakiwa na shamba moja njia ya Mkokotoni na maneno mengi juu ya yale yaliyouzwa. Mwenzangu alikuwa mtoto wa seremala wa Ng'ambo. Babu yake alitoka bara, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache na mikono iliyotulia.

Mwalimu wetu alikuwa Mgoa aliyesomea Bombay. Tukimwita Bwana Mkemia, naye akipenda. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila alikisema polepole, kama mtu anayemimina kitu chenye kuunguza. Alitufundishia katika chumba cha chini cha nyumba ya mawe nyuma ya forodha, chenye dirisha moja, meza ndefu na rafu za chupa. Spiriti aliifungia kabatini kwa kufuli.

"Bwana, sisi Waislamu," mwenzangu alimwambia siku moja. "Hatuinywi."

"Ndiyo maana naifunga," akajibu. "Asiyezoea hajui kiasi."

Dawa nyengine zote zilikaa wazi.

Mwaka wa pili alitupa kazi ya kumalizia mafunzo. Kila mmoja wetu alitakiwa achukue mafuta ya makonyo ya karafuu, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikichambuliwa, ayageuze kwa dawa mpaka yatoke unga mweupe wenye harufu ya vanila, ule ambao Wazungu huutia katika vitamtamu vyao, kisha ausafishe na kuthibitisha usafi wake. Nyumbani nilimweleza mama yangu. Alikuwa akichambua mchele.

"Karafuu wameichoka?" akaniuliza.

"Hawakuichoka, mama. Wanataka vanila."

"Si wapande vanila."

Nikamwambia hiyo ndiyo elimu, naye akaendelea na mchele wake.

Kuutengeneza unga wenyewe hakukuwa kitu, ukilinganisha na kuusafisha. Mafuta tuliyachemsha na magadi makali, tukayapitisha hatua moja mbili, kisha tukayatilia dawa ya zambarau, ile wanayooshea vidonda hospitali. Zambarau ikageuka tope la kahawia, na ndani ya tope hilo, kwa mujibu wa kitabu, kulikuwa na vanila. Kuanzia hapo kazi ni kuitafuta. Unachuja, unaosha, unakausha, unabaki na kitu kama sukari guru iliyoanguka mchangani. Unakiyeyusha katika maji ya moto, unatia mkaa wa kusaga unyonye rangi, unachuja kabla hakijapoa, halafu unakaa mbali, usiguse, usitikise. Maji yakipoa taratibu, unga hujitenga wenyewe, vijisindano vyeupe vyembamba, na uchafu hubaki majini. Kila ukirudia, unga unakuwa safi zaidi na mdogo zaidi. Bwana Mkemia alipenda kusema kwamba ukitaka usafi kamili utabaki na chupa tupu.

Kupima usafi kulikuwa hivi. Unachukua kijibomba cha kioo chembamba kuliko bua la mtama, umekiziba upande mmoja, unakijaza unga kidogo, unakifunga ubavuni mwa kipima joto na kukitumbukiza katika bilauri ya mafuta unayoyapasha moto polepole. Unga safi unayeyuka wote kwa mara moja, katika joto lake maalumu. Wa vanila kitabu kilisema ni nyuzi themanini na moja. Unga mchafu huyeyuka mapema zaidi, tena kwa kusitasita. Kwanza unatoka jasho, kisha unalegea, kisha ndipo unakuwa maji.

"Uchafu unashusha," alisema Bwana Mkemia, akatufanya tuandike. "Haupandishi hata siku moja. Unashusha."

Lakini alikuwa na shida yake. Rafuni palikuwa na chupa ya vanila iliyoletwa kutoka Ulaya, yenye lakiri nyekundu na karatasi ya maandishi ya dhahabu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo cha vipimo vyote. Alipoijaribu siku ya kwanza, iliyeyuka katika nyuzi sabini na mbili. Angeweza kufikiri kwamba chupa ina kasoro. Alitazama lakiri, akatazama maandishi ya dhahabu, akaamua kwamba kilichoharibika ni kipima joto, pengine kwa msukosuko wa melini. Tangu siku hiyo, kila kipimo cha chumba kile kiliongezwa nyuzi tisa. Tuliziongeza kwa muda wa mwaka mzima, kwa mwandiko mzuri, katika madaftari yetu.

Mwenzangu aliifanya kazi yake kama baba yake anavyopiga randa. Alikuwa akiweka bilauri yake ya maji ya moto pembeni, akaifunika, akaondoka asiitazame mpaka kesho yake. Mimi nilikuwa na haraka. Nilikuwa nshatangaza barazani kwamba wiki ile nitageuza karafuu kuwa vanila, na wazee wa barazani wakawa wananiuliza kila jioni, mmoja wao akiniita mwanachuoni mkemia, na sikuweza kujua kama ananisifu au ananicheka. Siku ya Jumatano, nilipokuwa nikiukausha unga wangu, nikauzidishia moto. Nilipogeuka kuzungumza na mwenzangu, ukawa lami. Ulinuka karafuu iliyoungua na kitu chengine, kama kiatu.

Kazi ilitakiwa Jumamosi.

Alkhamisi adhana ya adhuhuri ilipotoka, Bwana Mkemia alikuwa kwake akila, na mwenzangu akanawa mikono aende msikitini.

"Hwendi?" akaniuliza.

"Ntakufuata," nikasema.

Basi wakati watu wanapanga safu, mimi nilipanda juu ya kiti nikaiteremsha chupa ya lakiri nyekundu. Nilichota kwa kijiko cha mfupa, nikatia katika kibakuli changu, nikairudisha chupa na kuigeuza karatasi yake iangalie mbele kama ilivyokuwa. Kisha nikaenda kuswali peke yangu nyumbani, nikiwa nimechelewa, na nakumbuka niliswali vizuri sana.

Jambo moja lingeniokoa. Lau unga ule ningeuyeyusha na kuutoa tena mara moja tu, kwa kujionesha kuwa nimefanya kazi, usingefanana tena na ule wa chupa. Lakini nilijiambia kwamba kilichotoka Ulaya hakihitaji kusafishwa na mtu kama mimi.

Jumamosi asubuhi Bwana Mkemia alivijaza vijibomba vitatu, akavifunga kwenye kipima joto: cha chupa katikati, changu kushoto, cha mwenzangu kulia. Akawasha taa chini ya mafuta. Sote watatu tuliinama. Ilipofika sitini na tisa, unga wa katikati ukaanza kutoka jasho. Wangu nao ukatoka jasho. Ilipofika sabini na mbili, vyote viwili vikawa maji, pamoja, kama mapacha. Cha mwenzangu kilibaki kikavu kama chumvi. Sabini na tano, hakuna kitu. Sabini na nane, hakuna kitu. Ilipofika themanini na moja, unga wake ukaanguka wote kwa mara moja.

Bwana Mkemia aliandika daftarini. Kwangu aliandika sabini na mbili, jumlisha tisa, themanini na moja. Safi kabisa. Kwa mwenzangu aliandika themanini na moja, jumlisha tisa, tisini.

"Hii si vanila," akamwambia. "Umetengeneza kitu chengine. Ni kizuri, lakini si vanila."

"Inanuka vanila, bwana," alisema mwenzangu.

"Pua si chombo cha kupimia. Rudia kusafisha."

Mimi akanipa mkono. Alisema kwamba katika miaka yake yote hajaona kazi ya mwanafunzi iliyofanana na ya kiwandani namna ile. Nikasema ahsante.

Mwenzangu akarudia. Aliyeyusha, akachuja, akafunika, akaondoka. Siku ya Jumatatu wakajaribu tena, ukayeyuka themanini na moja. Akarudia mara ya tatu. Alipoanza, unga wake ulikuwa wa kujaza kijiko cha chai. Sasa ulikuwa wa kufunika ukucha wa kidole gumba. Ukayeyuka themanini na moja. Bwana Mkemia akatikisa kichwa kwa huruma, akamwambia arudie.

Mimi nilikuwa nakaa meza ya pili, kazi yangu imekwisha, nikinakili madaftari. Nilikuwa nikijua sababu. Nilishaijua tangu Jumamosi, pale vijibomba viwili vilipotoka jasho pamoja. Unga wa chupa ulisitasita, na kinachositasita ni kichafu. Hayo tumeyaandika wenyewe. Lakini kwa kuyasema hayo ningelazimika kueleza kwa nini na wangu ulisitasita vile vile. Kila asubuhi nilikuja na nia ya kusema. Kila asubuhi nikaona kwamba mwenzangu anaonekana mvumilivu tu, nikaahirisha.

Jumatano yake mwenzangu alimwendea Bwana Mkemia akasimama mbele ya meza.

"Bwana, nna suala."

"Sema."

"Ulitwambia uchafu unashusha."

"Unashusha."

"Wangu umepanda kuliko wa chupa. Na kila nikisafisha haushuki wala haupandi. Uchafu gani huo?"

Bwana Mkemia alivua miwani. "Ndiyo maana nimesema ni kitu chengine."

"Au kipima joto hakina kosa," alisema mwenzangu.

Bwana Mkemia akasema kipima joto kina kosa la nyuzi tisa, jambo hilo lilikwisha thibitishwa. Mwenzangu akauliza lilithibitishwa kwa kitu gani. Akajibiwa: kwa chupa. Mwenzangu akashukuru, akarudi mahali pake, akaendelea na kazi mpaka wakati wa kufunga.

Kesho yake alichelewa kufika. Alikuja amebeba kikapu juu ya kichwa, kimejaa pumba za mbao kutoka karakana ya baba yake, maji yanamchuruzika shingoni. Ndani ya pumba mlikuwa na bonge la barafu aliloliomba kwa mtu anayefanya kazi kiwandani. Alikuwa ametoka nalo mbio kupitia Darajani, na nusu yake imekwisha njiani.

"Barafu inayoyeyuka ni sifuri," alimwambia Bwana Mkemia. "Maji yanayochemka ni mia. Hayo yamo kitabuni, bwana. Barafu haikuletwa na meli."

Bwana Mkemia angeweza kukataa. Kwa heshima yake, hakukataa. Akaiponda barafu mwenyewe katika bakuli, akakichomeka kipima joto. Zebaki ikashuka, ikashuka, ikasimama kwenye sifuri. Si tisa chini, si tisa juu. Akachemsha maji. Ikasimama kwenye mia, pungufu ya unywele mmoja tu. Akaanza tena na barafu, kisha tena na maji. Barafu ilipokwisha yote, akakaa.

"Basi chupa," akasema.

Aliiteremsha, akaifungua, akaitazama ndani kama mtu anayemtazama jamaa yake mahakamani. Baadaye alijua kwamba wafanya biashara fulani wa huko Ulaya walikuwa na mtindo wa kuichanganya vanila na dawa moja nyeupe ya homa, ya bei nafuu, isiyo na harufu. Siku ile alijua tu kwamba ni chafu. Akalifunua daftari kubwa kurasa nyuma, nikaona kidole chake kikishuka na zile tisa, moja baada ya moja. Kikasimama kwenye jina langu.

Aliniita kwa sauti ya kawaida.

"Naam, bwana."

"Wako uliyeyuka wakati gani?"

"Pamoja na wa chupa."

"Ulitoka jasho?"

"Ulitoka."

"Wakati gani?"

"Pamoja na wa chupa."

"Na chupa ina uchafu." Akanisubiri. Mwenzangu alikuwa akikikausha kipima joto kwa kitambaa. "Umefanana nayo kwa usafi, nikakusifu. Sasa naona umefanana nayo hata kwa uchafu. Mtu hutengeneza vanila yake mjini Unguja, ikatoka na uchafu wa Ulaya?"

Ningeweza kusema ni bahati. Nilijaribu kulifikiri neno hilo nikaona halitamkiki.

"Nilichota katika chupa," nikasema.

Mwenzangu hakuinua uso. Aliendelea kukikausha kipima joto, ambacho kilikuwa kimekauka zamani.

Nilitegemea kufukuzwa, na kwa kweli nilikuwa tayari. Hata maneno ya kumwambia mama nilishayapanga. Kumbe Bwana Mkemia alikuwa na msiba wake mkubwa kuliko wangu. Jumatatu alikuwa ameshapeleka barua kwa wakubwa, akinisifu, akipendekeza nipewe ile kazi ya kukagua mafuta ya karafuu forodhani. Kuivunja barua hiyo kulitaka barua ya pili, na barua ya pili ingelazimika kueleza nimegunduliwa vipi, yaani kwa nyuzi tisa ambazo yeye mwenyewe aliziongeza mwaka mzima katika kila taarifa aliyoipeleka. Alikaa na kalamu mkononi kwa muda mrefu. Mwishowe aliandika mistari miwili tu, kwamba vanila ya mwanafunzi wa pili nayo imeonekana kuwa safi. Kisha akayarekebisha madaftari yote kwa wino mwekundu, na mimi akaniambia nitaifanya kazi yangu upya tokea mwanzo, kabla sijatia mguu forodhani.

Iliniteketezea wiki tatu. Mwenzangu ndiye aliyenifundisha. Hakunifundisha kwa maneno. Alikuja akanishushia utambi wa taa, au akanifunikia bilauri, au akanishika mkono wakati nataka kuitikisa nione kama imeanza. Nilipata unga wa kujaza ncha ya kisu. Ukayeyuka sabini na tisa na nusu, na ulitoka jasho kidogo.

"Si safi kabisa," alisema Bwana Mkemia. "Lakini kwa serikali unatosha."

Siku hiyo tulitoka pamoja, mimi na mwenzangu, tukapita sokoni. Nilikuwa sijapata kumwomba radhi kwa maneno, na nilitafuta pa kuanzia mpaka tukawa tunakaribia daraja.

"Hukukasirika?" nikamuuliza.

"Nlikasirika."

"Hukuonesha."

"Nlikuwa nakausha kipima joto." Akatembea kidogo. "Kuchota si kitu. Hata mimi siku ile ya kwanza niliitazama ile chupa. Lakini ulikuwa ukiniona narudia, mara ya pili, mara ya tatu, unga unakwisha mkononi mwangu, na wewe unanakili daftari. Hapo nlikasirika."

"Ulikuwa ushajua?"

"Sikujua. Nlikasirika baada ya kujua, kwa ajili ya siku zile."

Nikamwomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe, na mimi sikumbana, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza jambo moja kwa wiki tatu zile, nalo ni kutotikisa bilauri.

Yeye alipelekwa Chwaka, kugawa dawa katika nyumba ndogo ya serikali, na watu wa huko wakampenda mpaka wakamwoza. Mimi nikaanza forodhani. Nilikuwa mkali. Mtu akija na mapipa yake ya mafuta ya makonyo, ameapa kwa kila kiapo kwamba hayakutiwa hata tone la mafuta ya taa, mimi nilikuwa nikimtazama usoni nikajua, hata kabla ya kupima, maana uso ule niliwahi kuwa nao. Mara nyingi nilipata. Wafanya biashara walisema yule kijana hapitiki, ameumbwa na uaminifu mtupu.

Mwaka wa pili wa kazi niliandikiwa barua na wakubwa, ya kunishukuru kwa unyofu wangu usio na doa. Mama aliikunja akaiweka pamoja na hati za shamba. Nilimwomba anipe kwa siku moja, nikapanda gari la punda mpaka Chwaka, nikamkuta mwenzangu uani anaosha chupa. Nikampa asome. Aliifuta mikono kwanza, akaisoma mpaka mwisho, akaigeuza kutazama nyuma.

"Mwandiko mzuri," akasema, akanirudishia, akamwambia mkewe kuna mgeni wa chakula.